OpenLP ukumbini: programu ya kanisani kwenye sendofu na Maulidi

Folda niliipa jina mwenyewe, kwa herufi kubwa: ZISIONYESHWE. Ndani mlikuwa na picha 23. Mama wa bibi harusi alizileta dukani kwangu kwenye flashi moja pamoja na nyingine zote, akavuta stuli, tukazipitia moja baada ya nyingine. "Hii weka. Hii weka. Hii, dada yangu, toa." Zilizotolewa nyingi zilikuwa za yule mchumba wa kwanza, wa Newala, aliyeleta posa ikapokelewa, kisha mambo yakaharibika na posa ikarudi ilikotoka. Nilitakiwa nizifute. Mkono ukawa mzito, nikazitenga tu kwenye folda yao.

Usiku wa sendofu, kwenye ukumbi mmoja wa huku Shangani, mshereheshaji akaiacha ratiba, kama ilivyo ada yao. "Fundi wetu, hebu tuwekee ile picha ya babu na baiskeli!" Picha ya babu haikuwamo kwenye slaidi nilizopanga. Nikatoka kwenye slaidi, nikafungua folda, nikaanza kuitafuta. Kompyuta na projekta nilikuwa nimeziunganisha kwa kunakili, yaani ninachokiona mimi kwenye kioo ndicho ukumbi mzima unachokiona ukutani. Nilisahau. Watu zaidi ya 200 wakawa wananisindikiza kwa macho, folda kwa folda, mpaka ZISIONYESHWE ikajitokeza ukutani, kila herufi kimo cha mtoto wa chekechea.

"Fungua hiyo!" wakapiga kelele vijana wa meza ya dijei. Ukumbi ukadakia. Mshenga wa upande wa bwana harusi akavaa miwani. Sikuifungua, lakini mnajua alama ya folda inavyochomoza picha moja mbili za ndani. Mwenye macho makali aliliona shati la yule wa Newala. Mama mtu hakusema neno. Alinitazama tu, akashusha mtandio.

Kosa lilikuwa langu, mashine ilifanya nilichoiambia. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikitafuta programu ya kuonyesha vitu ukumbini ambayo hata nikikosea, kosa langu libaki kwangu. Nimeipata, na tathmini hii inaihusu. Inaitwa OpenLP.

Kwanza mnijue kidogo. Nina duka la stesheni hapa Mtwara mjini, la kutoa kopi, picha za pasipoti na kuchapa barua. Projekta niliinunua kwa ajili ya semina za vyama vya msingi vya korosho, harusi zikaja zenyewe. Kuanzia Oktoba, minada ikianza na pesa za wakulima zikishuka, Jumamosi yangu si yangu tena. Na nina soko ambalo mafundi wanaume hawaligusi: kicheni pati, singo, shughuli zote ambazo wanawake wamevua mitandio na mwanamume haruhusiwi hata kuingiza waya kupitia dirishani. Huko naitwa Mama Projekta, na jina nimelikubali.

Kabla ya kuzungumzia programu, kuna kitufe kimoja ambacho kingeniokoa usiku ule bila programu yoyote. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Yanatokea machaguo manne: kioo cha kompyuta peke yake, kunakili, kupanua, au skrini ya pili peke yake. La kupanua, lililoandikwa Extend, ndilo la kazi hii. Linaifanya projekta kuwa kama meza ya pili iliyowekwa ubavuni mwa meza yako. Unachokifanya kwenye meza yako wageni hawakioni. Wanakiona kile tu ulichokibeba ukakiweka kwenye meza yao.

Ubaya wake ni kwamba kipanya nacho kinavuka. Unakitafuta hukioni, kumbe kiko ukutani kinamzunguka bibi harusi kichwani kama inzi. Dawa niliyoigundua ni kwenye mipangilio ya skrini, pale panapoonyesha vile visanduku viwili vyenye namba 1 na 2. Watu wengi wanaviacha bega kwa bega. Mimi kisanduku cha 2 nakiburuta juu kabisa kwenye kona, kiguse cha kwanza kwa ncha tu. Kwenye kompyuta yangu, kipanya sasa hakivuki mpaka ukilenge ile kona kwa makusudi. Dakika moja ya kazi, na sijaona fundi mwingine hapa mjini anayeifanya.

Sasa, kwa mtu mmoja anayesimama mbele na kuzungumza kwa mpangilio, PowerPoint inatosha na inazidi. Toka toleo la 2013, ukiwa na skrini ya pili, inakufungulia yenyewe ukurasa wa mzungumzaji: wewe unaona slaidi ya sasa, slaidi inayofuata, saa, na maandishi yako ya pembeni, na hadhira inaona slaidi peke yake. Ukibonyeza B ukuta unakuwa mweusi, kitu kizuri sana wakati wa sala ya kufungua kikao. Ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter, unarukia hapo hapo. LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure, nayo inao ukurasa wa namna hiyo, na kwenye kompyuta yangu ya zamani ndiyo niliyoibakiza.

Tahadhari yake moja nimeiona kwa macho yangu kwenye semina huko Tandahimba. Skrini zikigeuzana, hadhira inapata ukurasa wa mzungumzaji na wewe unabaki na slaidi. Mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza jinsi ya kuanika korosho, na ukutani, pembeni mwa picha ya korosho, yakasomeka maandishi yake mwenyewe: HAPA WACHEKESHE KIDOGO. Wakulima walicheka kabla hajafika kwenye utani, na utani wenyewe ulipokuja haukuchekesha. Kuna sehemu juu ya ukurasa huo ya kubadilishana skrini, mibofyo miwili. Nilikuwa nyuma ya ukumbi na kompyuta ilikuwa mbele. Mpaka nifike, alishayaona.

Lakini sherehe haiendi kwa namba za slaidi. Shangazi anataka picha zake za unyago wa zamani zitangulie. Mjomba aliyeko Maskati anatuma pongezi za video saa tatu usiku, wakati watu wako kwenye pilau. Kamati inataka jina la mchangiaji liongezwe sasa hivi, maana mwenyewe ameshafika na amekaa meza ya mbele. Kurekebisha slaidi wakati zinaonyeshwa inawezekana, nimeifanya mara nyingi, ila ni sawa na kushona shati umelivaa.

OpenLP nilionyeshwa na kijana mmoja wa kwaya aliyekuja dukani kutoa kopi za nota. Alinikuta nalalamika, akafungua kompyuta yake juu ya kaunta. "Mama, sisi tunatumia hii kila Jumapili. Ni ya bure." Nikamwambia mwanangu, mimi Mwislamu wa Mikindani, hiyo naona imeandikwa Bibles. Akacheka: "Haimuulizi mtu dini, mama."

Ni kweli, ni programu ya kanisani tangu kuzaliwa kwake. Ni programu huria, imetengenezwa na watu wanaojitolea, ili kuonyesha maneno ya nyimbo na mistari ya Biblia ibadani. Inakubali Windows, Linux na macOS. Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza kama upakue nyimbo, Biblia na mandhari za mfano. Kwa bando letu hili, nilikataa vyote, na haikununa. Baadaye nikaingia kwenye orodha ya vipengele vyake na kuzima nisivyovihitaji. Biblia nikaizima. Nikipata kazi ya parokia naiwasha tena, mibofyo mitatu.

Mpangilio wake ndio ulionishika. Kushoto kuna maktaba ya vitu vyako vyote: nyimbo, picha, video, slaidi, maandishi. Kulia kuna ratiba ya shughuli, unapanga kitakachotangulia na kitakachofuata, na kukipandisha au kukishusha ni kitendo cha sekunde. Katikati ndiyo kuna madirisha mawili, Preview na Live. Nilipokuwa nawaeleza wanawake wenzangu kwenye singo moja, nilisema hivi: Preview ndiko mwali aliko ndani anafundwa, Live ndiko anakotolewa. Unaweza kumvisha na kumvua mara kumi huko ndani, nje wanaendelea kupiga ngoma. Walinielewa kabla sijamaliza sentensi.

Kwa hiyo sendofu yangu ya kwanza na OpenLP ilikwenda hivi. Mshereheshaji akaomba picha isiyokuwamo. Ukutani ilikuwa imetulia picha ya bibi harusi akiwa na sare za shule. Mimi nikafungua folda, nikatafuta, nikapotea, nikarudi, nikaipata, nikaiingiza kwenye maktaba, nikaitazama ndani, nikaona imelala ubavu, nikaitoa nikaisimamisha, nikairudisha. Hiyo ni dakika mbili nzima. Ukumbini hakuna aliyejua kuwa fundi anahangaika. Kisha nikaitoa nje.

Ukitaka ukuta upumzike, kuna vitufe vya kuficha: kuweka weusi, kuweka mandhari, au kuonyesha dawati la kompyuta. Hicho cha tatu sijawahi kukigusa na sina nia. Cha mandhari ndicho kipenzi changu. Natengeneza mandhari yenye kitambaa cha rangi ya sare ya kamati na majina ya maharusi, na kila panapokuwa hapana cha kuonyesha, majina yanakaa ukutani. Ila mkumbuke na hili: programu ikiwashwa inaweka nembo yake kwenye skrini ya pili. Mipangilio inaruhusu kuweka picha yako mahali pa nembo hiyo. Mimi siku ya kwanza sikujua, na baba mmoja akaniuliza OpenLP ni jina la ukoo wa nani.

Kazi iliyonifanya niipende zaidi ilikuwa Maulidi, kwetu Mikindani. Mwalimu wa madrasa alitaka maneno ya kasida yaonekane ili watu waitikie pamoja. Alinipa daftari lake la mkono, kurasa zimelainika kama kanga kuukuu. Nikachapa usiku kucha kwenye sehemu ya nyimbo. Hapa programu ya Wakristo ilionyesha adabu: ubeti unauandika mara moja, kiitikio mara moja, halafu kwenye kisanduku cha mpangilio unaandika V1 C1 V2 C1 na kuendelea, nayo inakirudia kiitikio kila mahali panapostahili. Kasida ya beti 14, kiitikio nimekichapa mara moja tu. Msomaji akiamua kurudia ubeti wa tano kwa sababu watu wamepagawa, unabofya ubeti wa tano. Hakuna kutafuta.

Makosa niliyafanya kwenye rangi. Nilichagua herufi za njano juu ya kijani, maana ilikuwa Maulidi na nilitaka kijani. Kwenye kioo changu ilikuwa nzuri. Kwenye ukuta wa chokaa, taa zikiwa zimewashwa, yalionekana maji ya mlenda. Tangu hapo ni herufi nyeupe juu ya rangi iliyokolea, mistari minne kwa skrini na isizidi.

Na wanawake, kama mnavyojua, tulikuwa nyuma ya pazia. Miaka yote tunasikia hatuoni. Safari hii niliweka splita, kile kidude kinachochukua picha ya HDMI moja na kuigawa mara mbili, waya mmoja ukaenda kwa projekta ya wanaume na mwingine ukapita chini ya pazia mpaka kwenye televisheni niliyoiazima kwa jirani. Bibi mmoja mwenye miwani ya uzi alisogeza mkeka hadi karibu kabisa na kioo, akawa anaitikia huku anafuata maneno kwa kidole. Katikati akageuka: "Mjukuu wangu, hapo wamekosea, sisi tulikuwa tunasema hivi." Akalitaja neno. Nikalirekebisha palepale, likahifadhiwa, na upande wa wanaume kiitikio kilipozunguka tena kikaja na neno la bibi. Mwalimu alilisoma bila kujua limetoka wapi.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea ni simu. OpenLP ina kitu cha kuiendesha kwa mbali: kompyuta na simu zikiwa kwenye Wi-Fi moja, unaandika kwenye kivinjari cha simu anwani ya kompyuta ikifuatiwa na nukta mbili (:) na 4316, na unapata vitufe vya kwenda mbele, kurudi nyuma na kuficha. Haihitaji intaneti. Mimi nawasha hotispoti tu, hakuna bando linaloliwa. Hii imenitatulia tatizo la waya. Waya wa kawaida wa HDMI ukizidi mita 10 au 15 unaanza kuleta kiwewe, picha inakatika na kurudi. Nilikuwa na wa mita 20 ulionitia aibu mara mbili, na hewa yetu ya chumvi inazila ncha zake mpaka zinakuwa za kijani. Siku hizi kompyuta naiweka ubavuni mwa projekta kwa waya mfupi, naifunika kitambaa, na mimi nakaa na wenzangu na simu mkononi. Kwenye singo nimewahi kubadilisha picha huku nacheza.

Kuna na ukurasa mwingine, wa jukwaani, unafunguka kwenye simu au tableti kwa njia hiyo hiyo. Unaonyesha maneno yaliyo ukutani sasa na yanayofuata. Mwalimu wa madrasa nilimwekea simu yangu ya zamani juu ya marfaa. Asingehitaji kugeuza shingo ukutani kama kuku anayetazama mwewe.

Tangazo nalo msilidharau. Kuna sehemu ya kuandika ujumbe mfupi unaopita kwenye skrini bila kuondoa kilichopo. Nadhani makanisani wanawaita wazazi ambao watoto wao wanalia. Sisi tuliutumia hivi: "Mwenye gari jeupe lililo mlango wa nyuma, tafadhali lisogeze, pilau imekwama." Gari lilisogezwa kabla ya wimbo kuisha na mshereheshaji hakuhitaji kumkatiza mtu.

Sasa yanayonikera, maana yapo. Picha inaziweka moja baada ya nyingine na inaweza kuzizungusha zenyewe kwa muda unaoutaka, lakini haina madoido. Mabibi harusi wetu wanataka maua yanayodondoka na mioyo inayopaa; hayo hayamo, na usiwaahidi. Hata kuweka picha kushoto na maneno kulia kwenye skrini moja ni mtihani, maana imejengwa kwa maneno juu ya mandhari na basi. Orodha ya wachangiaji yenye safu mbili, au ukurasa wa mahari uliopangwa vizuri, natengeneza kwenye Impress, nageuza kuwa PDF, ndipo naiingiza kama slaidi. Inakubali pia faili za PowerPoint, ila lazima PowerPoint au LibreOffice iwe imewekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Yenyewe haizisomi kwa uwezo wake.

Video inategemea VLC, programu nyingine ya kuchezea video. Usipoiweka, video hazichezi, na lazima zilingane: OpenLP ya biti 64 inataka VLC ya biti 64. Hili liligharimu alasiri yangu nzima, na kijana wa kwaya alipokuja aliliona kwa kutazama tu. Video za simu za siku hizi ni nzito mno kwa kompyuta yangu ya RAM ya GB 4, kwa hiyo nazipunguza kwanza nyumbani. Anayeniletea video mlangoni mwa ukumbi namwambia ukweli: inaweza kucheza, inaweza kugoma.

Maneno yake naona kwa Kiingereza, na baadhi ni ya kikanisa moja kwa moja. Ratiba inaitwa Service. Binti yangu, anayenisaidia kubeba vitu, alidhani ni mahali pa kurekebishia programu na akawa anaogopa kuigusa.

Zipo za kulipia zinazofanya kazi hii, EasyWorship na ProPresenter, na ninaamini zina hayo madoido. Kwa biashara ya projekta moja, hesabu yake kwangu haikai.

Mambo mawili hayahusu programu yoyote ila yatakukuta ukiwa na skrini ya pili. La kwanza ni sauti. Ukichomeka HDMI, kompyuta inaweza kuamua kwamba sauti nayo iende kwa projekta. Kwenye mahafali ya watoto wa awali nilicheza video yao wakiimba, dijei amepandisha kila kitu, na sauti ikatoka juu kwenye dari, kwenye kispika cha projekta, kama nyuki ndani ya kopo. Wazazi wakawa wanatazama juu. Bofya alama ya spika chini kulia, chagua ile njia ya dijei, na uijaribu kwa video yenyewe, si kwa mlio wa majaribio.

La pili ni umeme. Ukikatika, kompyuta ina betri, projekta haina. Skrini ya pili inatoweka, madirisha yote yanarudi kwenye kioo chako yakiwa yamerundikana. Kwenye mipangilio ya OpenLP, sehemu ya skrini, kuna kisanduku cha kuruhusu ionyeshe hata kama skrini ni moja. Kiache bila tiki, la sivyo onyesho linakufunika kioo chote na huoni pa kubofya. Projekta za taa, kama yangu, umeme ukirudi haraka hukataa kuwaka mpaka taa ipoe. Nimenunua UPS, lile sanduku la betri ya akiba, kwa ajili ya projekta peke yake, sikubali mtu achomeke feni humo. Tangu hapo, umeme ukikatika nina dakika za kutosha kuweka majina ya maharusi ukutani mpaka jenereta ipigwe kamba.

Nyota naipa nne kati ya tano kwa sendofu, Maulidi, ibada na kicheni pati. Kwa semina, baki na PowerPoint au Impress, utajihangaisha bure. Ile nyota ya tano nimeizuilia kwenye maua yanayodondoka.

Mwezi uliopita yule mama alirudi dukani. Binti yake wa pili naye amepata mtu. Sikujua nianze vipi, nikamkaribisha stuli ileile. Hakuketi.

"Dada, safari hii tutakuona tena unavyotafuta?"

Nikawasha projekta pale pale, nikaielekeza kwenye ukuta wa duka juu ya mashine ya kopi, nikaweka picha moja ya korosho. Nikamgeuzia kompyuta, nikafungua folda mbele yake, nikapita huku na huku, nikafungua barua za wateja, hata hesabu za duka. Ukutani, korosho. Akatazama kioo, akatazama ukuta, akarudia mara tatu kama mtu anayekagua kitambaa. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa flashi mbili.

"Hii ya kuonyesha," akasema. "Na hii si ya kuonyesha. Lakini kaa nayo karibu. Mshenga wa mara hii mdomo wake mrefu."